Sensa, hati za ardhi au faili la pensheni: uanze na lipi unapofuatilia nasaba ya wakulima wa Marekani wa karne ya 19

Anayefuatilia nasaba ya familia ya wakulima wa Marekani wa karne ya 19 hasumbuliwi sana na uhaba wa nyaraka. Anasumbuliwa na wingi wake, na zaidi na ukweli kwamba hakuna hata mojawapo iliyoandikwa kwa ajili yake. Serikali kuu ilihesabu watu ili igawanye viti vya Baraza la Wawakilishi, ofisi ya ardhi ilitaka kujua kama mlowezi amelima kweli au amejifanya tu, mahakama ya kaunti ilitaka kujua nani agawiwe ng'ombe wa marehemu, na ofisi ya pensheni ilitaka kuhakikisha kwamba mama aliyekuja kudai fedha ndiye mjane halali wa askari. Kila waraka unajibu swali la aliyeuandika, na kazi ya mtafiti ni kuchagua ule ambao swali lake linakaribiana na la kwake.

Kazi hii huwafikia pia wasomaji wa Kiswahili, hasa waliooa au kuolewa katika koo za Iowa, Kansas au Nebraska, ambao watoto wao siku moja huuliza upande wa pili wa ukoo ulitoka wapi. Ulinganisho huu unafuata familia ya aina moja, iliyo ya kawaida kabisa: babu aliyezaliwa Ohio katika miaka ya 1820, akahamia Illinois au Iowa akiwa kijana, kisha akamalizia Nebraska katika miaka ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe au baada yake. Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa mfanyabiashara wa mjini, sensa na magazeti vyaweza kutosha. Kwa mkulima, ardhi ndiyo iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na thamani, na mtafiti anayeifuata ardhi hupotea mara chache kuliko anayefuata jina.

Sensa ya watu na sensa ya kilimo

Sensa ya watu imefanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1790, nayo ndiyo humvutia kila anayeanza. Hapo hakosei, kwa kuwa inahusu nchi nzima, inapatikana bila malipo na inamwonyesha mtu akiwa na jamaa zake na majirani zake kwenye ukurasa mmoja. Lakini thamani yake hubadilika mno kulingana na mwaka. Kuanzia 1790 hadi 1840, karani aliandika jina la mkuu wa kaya peke yake, na wengine wote wakawa tarakimu katika safu za umri na jinsia. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina lake, umri wake, kazi yake na jimbo alikozaliwa, pamoja na thamani ya ardhi ya mwenye shamba. Hata hivyo, uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya haukuandikwa mpaka 1880, mwaka ambao pia ulianza kuonyesha mahali walikozaliwa baba na mama wa kila aliyehesabiwa.

Pengo hilo la kati ya 1850 na 1880 ndilo linaloharibu miti mingi ya nasaba iliyowekwa mtandaoni. Chukua kaya ya mwaka 1860 yenye mwanamume wa miaka 45, mwanamke wa miaka 29, na watoto sita ambao mkubwa wao ana miaka 17. Mtu mwenye haraka huwaunganisha wote kuwa baba, mama na watoto, ilhali hesabu ndogo tu inaonyesha kwamba mwanamke huyo angekuwa na miaka 12 wakati mtoto wa kwanza alipozaliwa. Huenda ni mke wa pili, huenda ni dada wa baba, huenda ni mfanyakazi wa ndani. Sensa haisemi, na anayesema kwa niaba yake anatunga. Vifo vya wanawake wakati wa kujifungua vilikuwa vingi, na mjane mwenye shamba na watoto wadogo hakukaa muda mrefu bila kuoa tena.

Umri wenyewe usiuamini sana. Karani alitakiwa kuandika hali ilivyokuwa tarehe 1 Juni, hata kama alifika Agosti, na mara nyingi aliyemjibu alikuwa jirani au mtoto mkubwa. Isitoshe, kurasa za 1850 hadi 1870 zilinakiliwa kwa mkono zaidi ya mara moja, kwa hiyo jina lililopinda linaweza kuwa kosa la mnakili ambaye hakuwahi kuiona familia yenyewe.

Halafu kuna 1890. Kurasa za sensa ya mwaka huo ziliharibiwa kwa moto na maji mjini Washington mnamo Januari 1921, na zilizobaki baadaye zikateketezwa. Leo yamesalia majina yapatayo 6,000 kati ya watu zaidi ya milioni 62. Kwa familia ya wakulima waliohamahama hili ni pigo kubwa, maana kati ya 1880 na 1900 mtoto wa miaka miwili anakuwa mzazi katika jimbo jingine. Sensa za majimbo huziba sehemu ya pengo hilo: Nebraska na eneo la Dakota zilihesabu watu mwaka 1885, Iowa na Kansas zilikuwa na sensa zao, na ile ya Kansas ilikuwa na safu ya kuonyesha mtu alitokea wapi alipohamia jimbo hilo. Safu hiyo moja humsaidia mtafiti kuliko kurasa nyingi za sensa ya taifa.

Sensa ya kilimo ni ndugu wa sensa ya watu, lakini watu wengi hawaigusi. Ilichukuliwa pamoja nayo mwaka 1850, 1860, 1870 na 1880, na iliorodhesha mashamba yenye mazao ya thamani ya dola 100 au zaidi. Kuanzia 1870 kiwango kikawa ekari tatu au mazao ya dola 500. Jina linaloandikwa ni la mkulima tu, kwa hiyo kama unatafuta mke na watoto hutawapata. Kinachopatikana ni ekari zilizolimwa na zisizolimwa, farasi, nyumbu, ng'ombe wa maziwa, maksai, kondoo, nguruwe, ngano na mahindi kwa busheli, na siagi kwa ratili. Siagi hiyo, tukiangalia ni nani aliyekamua na kusukasuka maziwa, ndiyo alama pekee ya kazi ya wanawake katika ukurasa ambao haukuwataja kabisa. Mwaka 1880 iliongezwa safu ya kuonyesha kama mkulima anamiliki shamba, amekodi kwa fedha taslimu, au analima kwa kugawana mazao na mwenye ardhi.

Nani aichague? Aichague mwenye tatizo la majina yanayofanana. Kaunti moja ya Illinois inaweza kuwa na wakina John Miller watatu, wote wamezaliwa Ohio, wote wakulima, wote na mke aitwaye Mary. Sensa ya watu haitawatenganisha. Lakini mmoja akiwa na ekari 40 zilizolimwa na jozi ya maksai, mwingine akiwa na ekari 200 na farasi sita, na wa tatu akiwa hana ardhi, basi hati ya ardhi utakayoipata baadaye itajulikana ni ya yupi. Asiye na tatizo hilo anaweza kuiacha mpaka mwisho, akaitumia kwa ajili ya kuielewa familia zaidi kuliko kuithibitisha.

Ardhi ya serikali: hati na faili

Kabla ya kulinganisha nyaraka za ardhi, ni lazima ujue uko katika jimbo la aina gani. Katika majimbo 30 yaliyopimwa na serikali kuu kwa utaratibu uliotokana na sheria ya 1785, ardhi iligawanywa katika miraba ya maili 6 kila upande, kila mraba ukawa na vipande 36 vya ekari 640, na robo ya kipande ikawa ekari 160. Shamba la Iowa au Nebraska, kwa hiyo, lina anwani ya namba isiyobadilika hata kama mmiliki amebadilisha tahajia ya jina lake mara tatu. Katika Pennsylvania, Virginia au Kentucky mpaka hueleza safari: kutoka mwaloni hadi kijito, kutoka kijito hadi kona ya jirani fulani. Maelezo hayo huchosha, ila yana faida yake, kwa kuwa jirani aliyetajwa kwenye mpaka mara nyingi huwa ni shemeji au baba mkwe.

Kwa familia iliyofika magharibi mwa mto Mississippi, sheria iliyo muhimu ni Sheria ya Homestead, ambayo Abraham Lincoln aliitia saini tarehe 20 Mei 1862 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1863. Ilimpa mkuu wa familia, au mtu yeyote aliyefikisha miaka 21, ekari 160 kwa ada ndogo, mradi awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia, asiwe amebeba silaha dhidi ya Marekani, na aishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Wanawake wasioolewa na wajane walistahili pia. Nyaraka hizi huizungumzia ardhi kana kwamba ilikuwa haina mtu, ilhali kusini-mashariki mwa Nebraska ilikuwa ya watu wa Otoe na Missouria, ambao sehemu yake kubwa waliitoa kwa mkataba wa 1854 wakabakiwa na eneo dogo.

Hapa kuna nyaraka mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni hati ya umiliki iliyotolewa na serikali mwishoni mwa mchakato. Picha yake inapatikana bure kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu, Bureau of Land Management, na utaipata kwa dakika chache ukijua jina na jimbo. Ya pili ni faili lenyewe, lililo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, lenye maombi, risiti, ushahidi wa mwombaji na wa mashahidi, na kwa mhamiaji kutoka Ulaya, nakala ya karatasi zake za uraia. Hati inakupa jina, tarehe na anwani ya shamba. Faili linakupa maisha.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kwa Daniel Freeman, anayehesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kudai ardhi chini ya sheria hiyo, tarehe 1 Januari 1863 katika ofisi ya ardhi ya Brownville, Nebraska; shamba lake karibu na Beatrice leo ni hifadhi ya taifa ya kumbukumbu. Hati yake, iliyotolewa mwaka 1869, haina la ziada. Lakini katika ushahidi wa Januari 1868, majirani wawili, Joseph Graff na Samuel Kilpatrick, waliapa kwamba nyumba yake ni ya futi 14 kwa 20, sehemu ya magogo na sehemu ya mbao, ina milango miwili, madirisha mawili na sakafu ya mbao, na ni nyumba ya starehe kuishi. Amelima na kuzungushia ua ekari zipatazo 35, amejenga zizi, banda la kondoo lenye urefu wa futi 100 na ghala la mahindi, na amepanda mitufaa 40 na mipichi kama 400.

Kuhusu familia, ushahidi huo unasema ana mke na watoto wawili. Basi. Mitufaa imehesabiwa, lakini jina la Agnes, mkewe, halimo, wala ya watoto. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu alichukue faili la ardhi peke yake. Sensa ya 1870 inataja majina bila kusema kitu kuhusu nyumba, faili linaeleza nyumba bila kutaja majina, na mashahidi wa faili, ambao walidai kumfahamu jirani yao kwa zaidi ya miaka mitano, mara nyingi ndio majina utakayoyakuta tena kwenye ndoa za watoto.

Mambo mawili yapime kabla hujalipia nakala. La kwanza, hati hutolewa kwa aliyefanikiwa tu. Wengi walishindwa kwa ukame, kwa madeni, au kwa nzige walioteketeza mashamba ya nyanda hizo mwaka 1874. Mafaili yao yapo, lakini hayaonekani ukitafuta hati kwa jina, na lazima uyafikie kupitia vitabu vya vipande vya ardhi, vilivyopangwa kwa anwani ya shamba badala ya jina. Faili la aliyeshindwa mara nyingine ni nene kuliko la aliyefaulu, kwa sababu palikuwa na ugomvi. La pili, ardhi ambayo babu aliinunua kwa fedha taslimu huko Illinois katika miaka ya 1830 haikuhitaji ushahidi wowote wa makazi, na faili lake aghalabu ni risiti na karatasi moja au mbili. Kwa kizazi hicho usipoteze fedha Washington. Nenda kwenye kaunti.

Daftari za kaunti na mirathi

Baada ya serikali kuitoa ardhi mara ya kwanza, kila mauzo yaliyofuata yaliandikwa katika makao ya kaunti, kwa fahirisi mbili, moja ya wauzaji na nyingine ya wanunuzi. Kama ningelazimishwa kuchagua aina moja tu ya nyaraka kwa ajili ya kuunganisha vizazi vya wakulima, ningechagua hizi, na ningeanza na hati zilizoandikwa ndani ya miaka michache baada ya baba kufariki.

Sababu ni hii. Mkulima akifa bila wosia, ardhi yake huwa ya watoto wote kwa pamoja, na shamba la ekari 160 haligawanyiki kwa watoto wanane bila wote kufa njaa. Kilichofanyika mara kwa mara ni mmoja wao kuwanunua wengine. Hati ya mauzo hayo huwataja ndugu wote, huwataja mabinti kwa majina yao ya ndoa pamoja na waume zao, na hueleza kila mmoja anaishi kaunti gani na jimbo gani siku ile ya kutia saini. Karatasi moja hukupa kizazi kizima na ramani ya walikotawanyikia. Sensa haikupi kitu kama hicho hata ukizichukua zote kwa pamoja. Zipo pia hati ambazo baba akiwa hai alimpa mwana shamba kwa dola moja na kwa upendo alio nao kwake, na hapo uhusiano umeandikwa waziwazi.

Mke naye hujitokeza hapa kuliko mahali pengi. Katika majimbo mengi, mume alipouza ardhi mke alitakiwa kuachia haki yake, na afisa alimhoji peke yake, mbali na mumewe, ili ajue kwamba hakulazimishwa. Ukifuata mauzo ya mtu mmoja kwa mpangilio, ukamwona mke akiwa Elizabeth mwaka 1851 na Sarah mwaka 1858, umekwisha kujua takriban ni lini mke wa kwanza alifariki, hata kama hakuna kaburi.

Mafaili ya mirathi yanakamilisha hati hizo. Wosia humvutia kila mtu, lakini ninaona faili la aliyekufa bila wosia lina faida kubwa zaidi, kwa kuwa mahakama ililazimika kuorodhesha warithi wote, wakiwamo watoto wa mwana aliyetangulia kufa, na kumteua mlezi kwa walio chini ya umri. Wosia unaweza kumwacha mtoto aliyekwisha kupewa shamba lake; orodha ya warithi haimwachi.

Udhaifu wa nyaraka za kaunti ni mipaka na moto. Kaunti mpya ilipokatwa kutoka ya zamani, daftari za nyuma zilibaki katika kaunti mama, kwa hiyo familia inaweza kuonekana katika kaunti tatu bila kuhama hata hatua moja. Na majengo ya mahakama yaliungua mara nyingi: la kaunti ya Hamilton mjini Cincinnati liliteketea katika ghasia za Machi 1884, na nyaraka nyingi za Ohio ya kusini-magharibi zikaenda nalo.

Faili la pensheni

Ikiwa babu alipigana upande wa Muungano, yaani Kaskazini, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ulinganisho wote hapo juu unapinduka, na faili la pensheni linapanda kuwa la kwanza. Sheria ya Julai 1862 iliwapa haki waliojeruhiwa, wajane na yatima, na ile ya 1890 ikapanua mlango kwa askari aliyetumikia siku 90 au zaidi na kuachishwa kwa heshima, hata kama ulemavu wake haukutokana na vita. Mjane alipaswa kuthibitisha ndoa na tarehe za kuzaliwa kwa watoto, na pale ambapo hapakuwa na cheti alileta viapo vya mkunga, vya dada, vya majirani wa zamani kutoka jimbo walikooana, na mara nyingine kurasa zilizochanwa kutoka Biblia ya familia.

Mwaka 1898 ofisi ya pensheni iliwatumia wastaafu fomu fupi ya maswali ambayo ingeweza kuandikwa na mtafiti wa nasaba: je, umeoa, jina la mkeo kabla ya ndoa ni lipi, mlioana lini, wapi na mbele ya nani, je, ulioa kabla ya hapo, na watoto wako walio hai wanaitwa nani na walizaliwa lini. Jibu limeandikwa na mwenyewe au mbele yake, na kwa mkulima ambaye hakuacha barua hiyo yaweza kuwa sauti yake pekee.

Nakala ya faili zima hugharimu makumi ya dola na huchukua muda, ila sioni ununuzi mwingine wowote katika kazi hii unaolipa zaidi. Waliopigana upande wa Kusini hawakupata pensheni ya serikali kuu. Walilipwa na majimbo yao, kwa mafaili ambayo kwa kawaida ni mafupi.

Vyeti vya kuzaliwa na vifo, ambavyo mtu wa leo angevitafuta kwanza, huja mwishoni kabisa kwa karne hii. Massachusetts ilianza kuandikisha jimbo zima mwaka 1841, lakini kaunti za Ohio zilianza mwaka 1867, na Pennsylvania haikuwa na utaratibu wa jimbo mpaka 1906. Ndoa ziliandikwa mapema zaidi katika kaunti, na ni vyema kuzitafuta daima. Mawe ya makaburi yasaidie, lakini kumbuka kwamba mengi yaliwekwa miaka mingi baada ya mazishi.

Familia zilizotoka utumwani

Kwa wakulima Weusi wa Kusini, mpangilio huu hautoshi. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtu bila jina lake, kwa hiyo sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wengi wao. Hapa chagua kwanza nyaraka za Freedmen's Bureau, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1865, yenye mikataba ya kazi kati ya wenye mashamba na walioachwa huru, na daftari za benki ya Freedman's Savings Bank ya 1865 hadi 1874, ambazo ziliandika wazazi, ndugu na watoto wa mwenye akaunti, na mara nyingine jina la bwana wa zamani.

Waliobaki Kusini mara nyingi walilima kwa kugawana mazao bila hati ya ardhi, kwa hiyo itakubidi ufuate ardhi ya mwenye shamba, pamoja na hati za rehani za mali zinazohamishika, ambamo mkulima aliweka nyumbu wake na zao ambalo bado halijavunwa kuwa dhamana ya deni. Waliokwenda Kansas, kwa mfano katika mji wa Nicodemus ulioanzishwa na Weusi mwaka 1877, wamo katika mafaili ya Homestead sawa na majirani zao.

Mahali pa kutafutia, na kipimo cha DNA

FamilySearch, tovuti ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ni ya bure, na nyuma yake kuna mikrofilamu zilizoanza kupigwa mwaka 1938 na kumalizika kubadilishwa kuwa picha za kidijitali mwaka 2021. Kwa nyaraka za kaunti haina mshindani. Hadi hivi karibuni udhaifu wake ulikuwa uleule wa mikrofilamu, yaani kurasa za hati ambazo hazikuwa na fahirisi ya kila jina. Mwaka 2024 ilianzisha utafutaji wa maandishi yote katika hati za ardhi na mirathi za Marekani, ambapo mashine husoma mwandiko wa mkono, na sasa shahidi au jirani aliyetajwa katikati ya ukurasa anapatikana. Ancestry ni ya kulipia, na ubora wake ni wepesi wa kutafuta na wingi wa makusanyo yaliyounganishwa. Maktaba nyingi za umma za Marekani huwaruhusu wasomaji kuitumia bila malipo ndani ya jengo. Kwa mkulima, ningeanza na ya kwanza, na ya pili ningelipia mwezi mmoja baada ya kuwa na maswali mahususi. Miti ya watumiaji katika tovuti zote mbili itumike kama fununu.

Kipimo cha DNA hakishindani na nyaraka hizi. Mtu hupata wastani wa asilimia 6 hivi kutoka kwa kila mmoja wa wazazi wa babu na bibi za wazazi wake, na kadiri unavyorudi nyuma kiasi hicho hupungua kwa nusu kila kizazi. Binamu wa daraja la pili wote huonekana, lakini wa daraja la tatu, karibu mmoja kati ya 10 haonekani kabisa. Kitumie pale ambapo hati zinagongana, kwa mfano kuamua kama mtoto aliyelelewa katika kaya ya 1870 ni wa damu.

Uchague lipi

Mwenye jina, jimbo na jioni moja tu afungue sensa ya 1880, kisha arudi nyuma mpaka 1850, akiandika majirani wa kila ukurasa na si familia peke yake. Mwenye mkulima aliyezaliwa kati ya 1820 na 1848 katika jimbo la Kaskazini aangalie fahirisi ya pensheni kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa wanaume wa umri huo walikwenda vitani kwa wingi. Mwenye familia iliyofika Nebraska, Kansas au Dakota baada ya 1863 aitafute hati kwenye tovuti ya Bureau of Land Management, anakili anwani ya shamba kwa ukamilifu, ndipo aagize faili. Mafaili mengi ya Nebraska yameshapigwa picha na huenda asilazimike kulipa. Na aliyekwama Ohio au Pennsylvania kabla ya 1850, ambako sensa inampa mkuu wa kaya na tarakimu, aache kutafuta jina la baba. Atafute mahali ambapo ardhi ya mtu wake ilitoka: kama hakuna hati inayoonyesha aliinunua, basi aliirithi au alipewa, na jina la mmiliki aliyetangulia katika daftari la kaunti ndilo la kulifanyia kazi.